Kabla ya kusema "ni uzee tu"

Na Mwanahamisi Kibwana

Bibi ana miaka 82. Anasinzia mchana kutwa, chakula hakipiti kooni, akiinuka kitandani kizunguzungu kinamrudisha. Hospitali anatundikiwa dripu, anachangamka siku mbili, anaruhusiwa. Haipiti wiki yuko tena kwenye foleni, na wanawe wanaambiwa: "Huu ni uzee tu."

Jibu hilo linaniuma, maana mara nyingine si kweli. Chini ya ubongo, nyuma ya pua, ipo tezi ya pituitari, ndogo kama punje ya njegere. Ndiyo inayoziamrisha tezi ya thairoidi shingoni na adrenali juu ya figo. Ikidhoofika, kortisoli, homoni ya adrenali, hupungua, presha na sodiamu hushuka, mzee huanza hata kuchanganyikiwa. Dripu ya chumvi humpa nafuu ya muda. Ugonjwa unabaki palepale.

Kwa bibi zetu kuna swali lisilo na gharama: uzazi wako wa mwisho ulikuwaje? Mwaka 1937 daktari Mwingereza, Harold Sheehan, alieleza jinsi kuvuja damu nyingi wakati wa kujifungua kunavyoweza kuiua pituitari. Mama anapona, lakini maziwa hayatoki, hedhi hairudi, nywele za kwapa zinapukutika. Anaweza kuishi hivyo miaka mingi bila mtu kujua. Wangapi waliozalia nyumbani wamewahi kuulizwa?

Vipimo navyo vina mtego. TSH, homoni inayoiamrisha thairoidi, hutoka pituitari yenyewe, hivyo inaweza kusoma kawaida huku homoni ya thairoidi iko chini. Apimwe na homoni hiyo yenyewe, yaani T4 huru, pamoja na kortisoli ya saa mbili asubuhi. Mwanamke wa umri huo FSH yake, homoni ya pituitari inayoamrisha ovari, inapaswa kuwa juu. Ikiwa chini, daktari asiipuuze.

Na dawa zina utaratibu. Upungufu wa kortisoli hutibiwa kwanza kwa haidrokotisoni, ndipo ifuate levothairoksini, dawa ya thairoidi, tena kwa dozi ndogo kwa ajili ya moyo. Kinyume chake kinaweza kumuua. Haidrokotisoni haikatizwi ghafla. Akishikwa na homa dozi huongezwa, na akitapika asiweze kumeza, apelekwe hospitali akachomwe sindano mara moja.

Ndugu msomaji, ukimpeleka mzee wako kliniki, eleza historia ya uzazi wake na dawa zote anazokunywa, hasa prednisoloni ya maumivu ya viungo, ambayo ikitumika muda mrefu huizimisha pituitari. Kisha uliza bila kuogopa: kortisoli imepimwa?