Bunduki Kuukuu na Mkono wa Fundi

Wako watu waliosoma wanaoamini kwamba kazi ya mikono ni adhabu ya wale walioshindwa na kitabu. Msomaji, nakuambia waziwazi kwamba imani hii ni upofu, na ukiishika utakuwa maskini hata ukiwa na vyeti kumi. Ili kuithibitisha hoja yangu sitamtaja daktari wala mwanasheria. Nitakuonyesha bunduki kuukuu.

Chukua bunduki ya marisaa yenye mitutu miwili, iliyotengenezwa Birmingham, Uingereza, yapata mwaka 1885. Mitutu imeliwa na kutu, kitako kimebonyea, mtambo umekwama. Mwenye pupa atasema, “Itupwe, tununue mpya.” Mwingine ataitwaa msasa na kuisugua mpaka ing’ae, kisha ajiite fundi. Wote wawili ni waharibifu, na wa pili ni mbaya zaidi, maana anaharibu huku akijisifu.

Fundi wa kweli huanza kwa kusikiliza. Huitundika mitutu kwa uzi na kuigonga polepole. Ikilia kama kengele, lehemu iliyoiunganisha ni nzima. Ikitoa sauti butu, imeachia mahali. Kisha hupima unene wa chuma. Mitutu mingi ya zama zile ilifanywa kwa vipande vya chuma na feleji vilivyosokotwa pamoja motoni, vikapondwa kuwa utepe, na utepe huo ukazungushwa juu ya fimbo ya chuma na kugongwa mpaka ukashikana. Ndiyo sababu uso wake una mistari kama mawimbi. Kila msasa upitapo, chuma hupungua. Kikipungua mno, baruti hukipasua na kumkata mpigaji vidole.

Tazama basi busara ya fundi. Mtutu huupaka dawa ya kuleta kutu, huuchemsha, huusugua kwa brashi laini, kisha hurudia tena na tena kwa siku nyingi, mpaka mawimbi yale yaonekane. Kutu iliyokuwa adui sasa ni mtumishi wake. Penye kibonyeo katika mti hufunika kitambaa chenye maji na kukipitishia pasi ya moto, na mvuke huuinua mti bila kuukata. Akitaka kipande cha chuma kikae sawasawa mahali pake, hukipaka masizi ya taa, hukikandamiza, kisha hukiondoa. Palipoingia weusi ndipo panapogusana. Hapo hupitisha patasi mara moja tu, kisha masizi tena. Hata skrubu ina bisibisi yake iliyochongwa kuienea, ili mdomo wake usiharibike.

Wala kazi hii si ya mtu mmoja. Yuko fundi wa mitutu, fundi wa mtambo, fundi wa mti na fundi wa nakshi, na kila mmoja ametumia miaka mingi kujifunza kazi yake. Juu yao wote iko nyumba ya majaribio, iliyoanzishwa Birmingham kwa sheria ya Bunge mwaka 1813. Humo mitutu hupigwa kwa baruti iliyozidi kiasi cha kawaida. Ikistahimili, hutiwa muhuri. Huo ndio mtihani. Je, cheti chako kimepimwa hivyo?

Utaniuliza, “Mwalimu, mbona unasifu chombo cha kuua?” Swali lako ni la haki. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria hairuhusu mtu kuwa na bunduki pasipo cheti. Simsifu mwenye silaha, wala sikuiti uiguse. Nimeichagua kwa sababu haisamehi uzembe. Kiti kibaya hulia tu ukikikalia. Bunduki mbaya humwumiza aliyeishika.

Mwingine atasema kwamba mashine imemaliza kazi ya fundi. Si kweli. Mashine hutoa vitu elfu vinavyofanana, na twaishukuru. Lakini katika bunduki ya kale kila kipande kilipigwa tupa kimfae mwenzake tu. Kipande cha bunduki nyingine hakikubali kuingia. Hapo pana haja ya jicho, mkono na subira.

Na ujuzi huo haukai kitabuni. Mtaa wa mafundi wa bunduki huko Birmingham ulikuwa na maelfu ya wafanyakazi katika karne ya 19. Leo waliosalia ni wachache mno. Jengo likibomolewa hujengwa jingine. Fundi akifa bila mwanafunzi, ujuzi wake huzikwa pamoja naye, na mali yote ya dunia haiwezi kuufukua.

Usidhani jambo hili ni la Waingereza peke yao. Sanduku la bati ulilokuja nalo bwenini huenda lilitoka mkononi mwa fundi wa Kamukunji, Nairobi. Ulimwuliza alijifunzaje kukunja pembe zake? Au ulilipa ukaondoka, ukimhesabu kuwa mtu wa chini yako? Wahenga walisema: usitupe mbachao kwa msala upitao. Likizo ijayo, mtafute fundi mmoja wa kwenu, mwamkie kwa heshima, keti karibu naye, umwombe akufundishe jambo moja. Ukishindwa kulifanya kama yeye, utajua ni nani kati yenu aliyesoma.