Fungua Kwanza, Ndipo Upige Kura

Sisi hapa Uingereza baridi imeshaanza kutubana. Watoto wakirudi shule hakuna wa kutoka nje tena. Wote tunajazana sebuleni, kila mmoja na kazi yake.

Wiki iliyopita, jioni moja kama hiyo, ujumbe uliingia kwenye kundi letu la ukoo la WhatsApp. Mpwa wangu anayesoma chuo kikuu alituletea kiungo. Kuna shindano la tovuti bora za historia ya kale, mtu yeyote anaruhusiwa kupiga kura, na tovuti ya rafiki yake imo. "Shangazi, usiniangushe." Sasa shangazi mtu nimnyime mtoto kura? Nikabonyeza, nikamrudishia kidole gumba. Haikupita nusu saa, Muscat wamejibu "tayari", Dubai "tayari", Toronto "tayari".

Binti yangu wa miaka 13 alikuwa pembeni yangu akiandika kazi ya shule kuhusu mji wa Athens. Akaniuliza, "Mama, hiyo tovuti ina nini ndani?"

Nikanyamaza. Sikuwa nimeifungua.

"Basi mama umekuwa kama wale wa vigae," akasema, akacheka. Ikabidi anieleze.

Katika karne ya 5 KK, raia wa Athens walikuwa na kura ya kumfukuza mtu mjini. Hawakuwa na karatasi za kura. Kila mmoja aliokota kigae cha chungu kilichovunjika, akakwaruza jina la yule asiyemtaka. Aliyeongoza alihama nchi kwa miaka 10. Mwandishi Plutarch anasimulia kwamba siku moja mtu asiyejua kusoma alimpa Aristides kigae amwandikie jina, bila kujua anazungumza na nani. Jina lenyewe: Aristides. Alipoulizwa mtu huyo amemkosea nini, akajibu hamjui hata kidogo, ila amechoka kusikia kila mahali anaitwa Mwadilifu. Aristides akaandika jina lake mwenyewe, akamrudishia kigae chake.

Halafu kuna habari ya kisima. Mwaka 1937 wachimbuaji wa Kimarekani walikuta kwenye kisima, kando ya kilima cha Acropolis, vigae vipatavyo 190 vyenye jina la Themistocles, yule aliyewaongoza Waathens kuwashinda Waajemi baharini huko Salamis mwaka 480 KK. Walipochunguza mwandiko, waliona kwamba vigae vyote hivyo viliandikwa na watu 14 tu. Yaelekea kuna kundi lililoviandaa mapema ili wapiga kura wapewe vikiwa tayari, wao kazi yao kuvitumbukiza tu.

Nikatazama simu yangu. Tayari, tayari, tayari. Na sisi tulikuwa tumegawiwa vigae.

Msinielewe vibaya, sisemi kura za namna hii hazina maana. Tuzo za Digital Humanities, zilizoanza na kazi za mwaka 2012, hupendekezwa na kupigiwa kura na watu wa kawaida kutoka popote duniani. Mshindi hapewi hata senti, ila kazi yake inajulikana, na kazi nyingi nzuri za wasomi zingebaki gizani bila hivyo. Tuzo za Webby nazo hutoa washindi wawili katika kila fungu, mmoja wa majaji na mmoja wa umma. Naona wana busara, maana kupendwa ni jambo moja na kuwa sahihi ni jingine.

Ila mtoto haoni tofauti hiyo. Akikuta tovuti ina alama ya ushindi juu, anaamini kila kilichoandikwa chini yake, ananakili, anapeleka kwa mwalimu. Na alama ile tumeiweka sisi.

Basi usiku ule tukaifungua ile tovuti niliyoipigia kura. Inapendeza, ina rangi, ina picha zinazozunguka. Lakini hatukuona popote jina la aliyeandika, wala alikotoa habari zake. Binti akatafuta Afrika, akakuta Misri tu. "Kwetu pwani hakukuwa na watu, mama?" Swali lile lilinichoma, wasomaji wangu, na kura yangu nilikuwa nimeshaitoa.

Tukahamia kwenye ukurasa wa Chuo Kikuu cha Fordham cha New York, ulio na maandishi ya kale yaliyotafsiriwa kwa Kiingereza. Hauna urembo wowote, ni maandishi matupu. Humo mna Periplus of the Erythraean Sea, kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1 BK kuhusu biashara ya bahari yetu. Kinataja bandari ya Rhapta katika pwani ya Azania, yenye pembe za ndovu kwa wingi, iliyopata jina lake kutokana na vyombo vya kushonwa. Nikamwambia binti, hata mitepe ya Lamu ilishonwa kwa kamba. Kinataja pia manahodha Waarabu waliooa huko na kuijua lugha ya wenyeji. Na Rhapta ilikuwa wapi hasa? Wataalamu bado wanabishana, na tovuti nzuri itakwambia hivyo bila kuona haya.

Jumamosi tukapiga kura yetu wenyewe, kwa sharti moja: hakuna kura bila nusu saa ya kusoma, na kila mtu aseme kwa nini. Mdogo wetu alichagua Digital Giza ya Chuo Kikuu cha Harvard, kwa sababu ameingia kaburini bila kuogopa. Binti akachagua Perseus ya Chuo Kikuu cha Tufts, kwa sababu akibonyeza neno la Kigiriki anaonyeshwa maana yake. Mimi nikabaki na Fordham, kwa ajili ya Rhapta. Kura moja moja, hakuna mshindi, na tulibishana mpaka wali ukapoa.

Mpwa wangu nilimpigia simu. Nikamwambia amweleze rafiki yake aweke majina ya waandishi, na asiisahau pwani yetu. Akacheka kidogo, kisha akasema, "Shangazi, kusema kweli, hata mimi sijaisoma."

Na ninyi jaribuni Jumamosi hii, kisha mniandikie watoto wamechagua ipi na kwa sababu gani. Mpaka wiki ijayo, kwaherini.