Kinyonga wa Eldoret Hahitaji Blanketi Lako

Wasee wa Eldoret, wacha niseme hii kitu mara moja, na mkikasirika ni sawa tu.

Kila baridi ya Juni na Julai ikiingia, naulizwa swali lile lile: "Buda, kinyonga wangu nimfunike na nini usiku asife na baridi?" Kuna mwenye amemweka kwenye katoni ya viatu akamviringishia soksi. Kuna mwenye amemwashia balbu ya moto mgongoni mpaka asubuhi. Kuna hata mwenye anamlaza kando ya jiko la makaa, mlango umefungwa. Jibu langu kwa wote ni moja: kinyonga wa huku hauawi na usiku wa Eldoret. Anauawa na nyumba yako.

Tuanze na hiyo soksi. Wewe ukijifunika blanketi unapata joto kwa sababu mwili wako unatengeneza joto, na blanketi inalizuia lisitoroke. Kinyonga hana hiyo mashine. Mwili wake unafuata hewa iliyomzunguka: nje kukiwa baridi naye ni baridi, jua likitoka naye anapata moto. Ukimfunga soksi saa mbili usiku umefunika kitu baridi kwa kitu baridi. Ni kama kufunika sufuria tupu kisha ungoje ichemke yenyewe.

Halafu mnasahau huyu mnyama ni wa wapi. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Wanariadha wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja Iten kutafuta hii hewa yetu nyembamba. Sasa wewe unamwonea huruma kinyonga ambaye mababu zake waliizoea kabla hata barabara haijafika? Kinyonga wa nyanda za juu, kama yule wa Höhnel mwenye kofia kichwani na ndevu za miiba chini ya kidevu, usiku wa nyuzi 10 kwake ni usiku wa kawaida. Ndugu yake wa Mlima Kenya anaishi juu ya mita 3,000, mahali nyasi zinaamka na barafu. Kwani nani amempelekea hita?

Hata kuzaa kwao kumekubaliana na baridi. Kinyonga wa Pwani hutaga mayai na kuyafukia mchangani, kwa sababu ardhi ya kule ina joto la kutosha. Huyu wa Höhnel hatagi. Mama anabeba watoto tumboni, anaota jua pamoja nao, mpaka wazaliwe hai.

Shida kubwa basi iko wapi? Iko asubuhi. Usiku kinyonga anapauka rangi na kulala kwenye ncha ya tawi jembamba, ili nyoka akija tawi litikisike naye aamke. Jua likichomoza anajigeuza mweusi, anajibapa ubavu kama jani, na kunywa joto lote. Hapo ndipo siku yake inaanza. Bila hilo jua, panzi uliyemlisha jana hasagiki tumboni. Sasa wewe umemfungia ndani, unatoka kwenda darasani au kazini, anabaki gizani na tumbo limejaa. Na usiniambie umemweka dirishani. Kioo cha dirisha kinazuia ile miale inayomsaidia kutengeneza vitamini D, na bila hiyo mifupa yake inalegea polepole. Hata maji ya bakuli hayatambui vizuri. Amezoea kulamba matone ya umande kwenye majani.

Balbu nayo? Haimwachi alale, na inaweza kumuunguza mgongo kabla hajastuka kusogea. Jiko la makaa usiulize. Ile hewa yake isiyoonekana huua watu kwenye vyumba vilivyofungwa. Mtaondoka wawili.

Najua mahali mnatoa haya mawaidha. Mnaona video ya mtu ana kabati la kioo, taa tatu na hita, mnadhani ndiyo elimu. Lakini video nyingi za hivyo zinahusu kinyonga wa Yemen au wa Madagaska, aliyezaliwa kizimbani, kwenye nchi ambayo nje kuna theluji. Mambo yake si ya huyu wa fensi ya kayaba Kapsoya. Na kama wako umembeba kutoka Malindi au Mombasa kwenye basi, ndiyo, huyo usiku wa huku utamtesa. Lakini kosa la hapo si kukosa hita, ni ile tiketi ya basi.

Mnapenda mifano ya ng'ambo? Chukueni huu. Mwaka 1972 kinyonga wa Jackson, yule wa pembe tatu, walisafirishwa kutoka Kenya hadi Hawaii kwa mwenye duka la wanyama. Walifika wamekonda na kukauka. Aliwaachia kwenye miti ya bustani yake wapate nguvu. Walipata nguvu kweli, wakatawanyika, wakazaana, na mpaka leo wako huko wakila konokono na wadudu ambao hawapatikani kwingine duniani. Somo la kwanza: kilichowaponya ni mti. Somo la pili: kinyonga akihamishwa kwao, kuna mwenye atalipa.

Kuna wale watasema, "Mimi namwokoa, mtaani watoto watampiga mawe." Hii hoja naiheshimu, kwa sababu ni kweli wanapigwa. Wabukusu wana hadithi kwamba kinyonga alinyimwa chakula na binadamu, akatulaani tufe. Wengi wetu tumelelewa kumwogopa namna hiyo. Lakini kama shida ni mawe, ongea na wenye mawe. Mwonyeshe huyo mtoto wa jirani vile kinyonga anapiga ulimi na kunasa nzi, umwambie hana sumu. Kumfunga aliyeonewa kwenye katoni si kumtetea.

Na kuna sheria, hata kama hatupendi kuisikia. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inasema huwezi kumweka mnyama wa porini bila kibali cha KWS. Mnadhani ni ya ndovu peke yake? Mwaka 2025 vijana wawili wa Ubelgiji, miaka 19 tu, walikutwa Nakuru na malkia wa sisimizi karibu 5,000. Faini ilikuwa shilingi milioni moja kila mmoja. Kwa sisimizi!

Kwa hivyo ukinipata njiani usiniulize tena kuhusu soksi. Kama wako ulimtoa kwenye fensi, mrudishe fensi ile ile, na umrudishe asubuhi jua likiwa limeshika, ili apate joto na achague tawi lake kabla ya giza. Mweke juu, kwenye majani, mbali na barabara na paka. Ukitaka kumwona, pita hapo jioni na tochi. Rangi yake ya usiku inang'aa, utamtambua haraka.

Wazee walisema tenda wema uende zako. Mmependa hiyo sehemu ya kwanza. Sasa fanyeni ya pili: endeni zenu.