Likizo Inayofuta Muhula

Kuna ushauri unaotolewa bure nchini, na kila mtu anao: mtendaji wa kata, mama mchungaji, shangazi, hata kondakta wa daladala akimwona mama kambeba mgongoni mtoto wa miaka tisa. "Mtoto wa hivyo mpeleke bweni, akae na wenzake. Kule kuna wataalamu." Mzazi anahangaika na barua na foleni mpaka nafasi inapatikana, na siku hiyo ukoo mzima unashusha pumzi. Toka hapo mtu akiulizia hali ya mtoto, jibu ni lilelile: amepata shule, tunamshukuru Mungu.

Shukrani hizo zimewahi mno. Imani kwamba mtoto mwenye ulemavu akishapata kitanda bwenini mambo yake yamekwisha ndiyo inayomrudisha nyuma kila Juni na kila Desemba. Wanaoishikilia si watu wabaya. Ni wazazi wanaompenda, walimu waliochoka na viongozi wanaohesabu vitanda.

Sina ugomvi na shule maalumu zenyewe. Kabla ya Shule ya Wasioona Buigiri, Dodoma, kuanza mwaka 1950, na kabla ya shule ya viziwi Tabora mwaka 1963, watoto wengi wa aina hii walibaki uani wenzao wakienda darasani. Wala simo katika kundi la wanaodhani elimu jumuishi ni kumchomeka mtoto kiziwi mmoja katika darasa la watoto tisini, mwalimu akiongea huku amegeukia ubao. Lugha ya alama hujifunzwa kwa kuishi na wanaoitumia, na kwa watoto wengi wa Tanzania mahali hapo ni bweni. Wabaki huko. Ugomvi wangu unaanza siku geti linapofunguliwa na mabasi ya mikoani yanapopakia.

Mchukue binti kiziwi wa darasa la tano. Bwenini ana mashoga, ana mahasimu, anaujua umbeya wa shule nzima, anabishana habari za Simba na Yanga mpaka mikono inamuuma, anamuuliza matroni kwa nini watu hufa. Desemba anashuka kwenye basi, na ikifika jioni lugha yake yote imesinyaa ikawa ishara sita au saba za nyumbani: njoo, kula, chota maji, fagia, acha, lala. Jina lake la alama, alilopewa na wenzake kwa sababu ya kovu dogo la shavuni, hakuna anayelijua. Anaitwa kwa kugongewa meza. Wakati wa kula ndugu zake wanacheka. Naye anacheka kwa kuwatazama, kisha anauliza kuna nini, na dada yake anamwonyesha kiganja: subiri, baadaye. Hiyo baadaye haiji. Bibi yake alifariki Septemba na hakuna aliyeweza kumweleza. Alichokikuta ni chumba cha bibi kimepewa mpangaji. Saa mbili usiku taarifa ya habari inaanza, na kwenye kona ya runinga anatokea mkalimani wa lugha ya alama. Kwa mwezi mzima huyo ndiye mtu mzima pekee anayeongea lugha ya binti huyo ndani ya nyumba yao, na hawezi kumjibu.

Halafu watu wanashangaa kwa nini Januari mtoto anaharakia basi kuliko alivyoharakia nyumbani.

Lipo jambo zito zaidi ya upweke. Mtoto ambaye hakuna anayemwelewa nyumbani hana pa kushitakia. Mpangaji mwenye nia mbaya analitambua hilo mapema kuliko mama. Tunaweka nondo madirishani na vipande vya chupa juu ya ukuta, wakati ulinzi wa kwanza wa binti huyo ungekuwa mzazi anayeweza kumuuliza kwa mikono: nani, wapi, lini, amekufanya nini. Maswali manne hayo hayahitaji shahada.

Mtoto asiyeona ana mkasa wake. Shuleni anaandika nukta nundu kwa mashine ya Perkins, chuma cha karibu kilo 5. Ni mali ya shule, kwa hiyo kinabaki shuleni. Vitabu navyo vinabaki, kwa kuwa kitabu kimoja cha kiada kikiwekwa kwenye nukta nundu kinazaa majuzuu kadhaa manene ambayo hakuna begi la mtoto litakaloyameza. Anakwenda likizo bila ukurasa hata mmoja wa kusoma, huku mdogo wake wa darasa la pili akipishana na madaftari ya twisheni. Kipo kifaa chepesi, kibao chenye matundu na kisindano chake. Mtu huandika kutoka kulia kwenda kushoto, akigeuza karatasi anasoma kutoka kushoto kwenda kulia. Kinatosha kwenye mkoba wa kanga. Mtoto akiondoka nacho, pamoja na kifurushi cha karatasi ngumu, ataweza angalau kuandika barua kwa rafiki yake. Lakini aondoke nacho kwa nini, ikiwa wote tumeshakubaliana kwamba kusoma ni mambo ya kule?

Kinachomdhuru zaidi, hata hivyo, ni mikono ya watu wa nyumbani. Bwenini alikwenda msalani mwenyewe usiku, alifua, alitandika kitanda, alijua amekaribia bwalo kwa mwangwi wa nyayo zake. Nyumbani anashikwa mkono mpaka mlango wa choo, na fimbo nyeupe imetundikwa nyuma ya mlango asije akampiga nayo mtu. Akigusa vyombo anaambiwa kaa, utavunja. Hiyo ni huruma, tena ya kweli kabisa, na kwa wiki nne inabomoa alichokijenga mlezi wa bweni kwa muhula mzima. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo hasara inaonekana kwa macho: misuli isiyonyooshwa hukakamaa na kufupika, na goti lililokuwa linakunjuka Novemba linagoma Januari. Mwenye ulemavu wa akili, aliyefundishwa kwa miezi kufunga vifungo vya shati, anavalishwa na dada wa kazi kwa sababu kumsubiri kunachelewesha chai.

Ile kauli ya "kule kuna wataalamu" ndiyo inayotutia uvivu. Huku pwani ziko madrasa ambazo mtoto asiyeona hukaa mkekani na wenzake, akahifadhi kwa sikio, akachapwa kwa uchelewaji kama wengine (hilo la kuchapwa silisifu), na ustadhi hakusubiri cheti cha Patandi, chuo cha walimu wa elimu maalumu, ndipo amsomeshe. Nawaheshimu sana walimu waliopita Patandi. Ila elimu yao haiwezi kuwa sababu ya baba kushindwa kumfundisha mwanawe idadi ya hatua kutoka mlangoni mpaka dukani kwa Mpemba.

Imani hii ya kuliachia bweni kila kitu ilifika kilele chake katika Kanda ya Ziwa na Kigoma. Mauaji ya watu wenye ualbino, waliowindwa kwa ajili ya viungo vyao, yalipopamba moto kuelekea mwisho wa muongo wa 2000, serikali iliwakusanya watoto katika shule na vituo kama Buhangija mkoani Shinyanga, Mitindo wilayani Misungwi na Kabanga wilayani Kasulu. Ilikuwa dharura, na waliookolewa waliokolewa kweli. Lakini dharura ikazoeleka. Kuna watoto ambao Juni na Desemba ziliwakuta humohumo ndani ya uzio. Wazazi walioahidi kuja kuwaona wakapunguza safari, kisha wengine wakaziacha. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2019 ilieleza jinsi watoto waliokulia katika mabweni hayo walivyotengana na familia zao. Na wengi wao hawakuhitaji shule ya wasioona hata kidogo. Wana uoni hafifu, wanasoma maandishi makubwa, wakikaa dawati la mbele na kupewa miwani inayowafaa wanasoma kama wewe na mimi.

Najua nitajibiwa kwa kutajiwa Muleba. Mwaka 2024 mtoto wa miaka miwili mwenye ualbino aliporwa nyumbani kwao katika wilaya hiyo ya Kagera, na baada ya wiki chache mwili wake ukapatikana. Hofu hiyo si ya kubeza, na mzazi anayesema mwanangu habanduki shuleni siwezi kumwita mjinga. Namuuliza jambo moja tu: akimaliza shule atakwenda wapi? Uzio una mwisho. Kijana atarudi kwenye kijiji ambacho hakikumwona akikua, hakijui anacheka vipi, hakikuwahi kumtuma sokoni, na ambacho bado kinanong'ona yale yale kuhusu viungo vyake. Kijiji hicho kilihitaji likizo hizo kuliko hata yeye.

Tena panga si adui pekee. Saratani ya ngozi inawamaliza watu wenye ualbino wengi kuliko wauaji wote. Shuleni matroni anakagua kofia pana na mikono mirefu kabla mtoto hajatoka bwenini. Likizo ya Juni ni msimu wa kuchuma pamba Shinyanga, ya Desemba ni ya kulima na kupalilia, na mtoto anakwenda shambani na fulana ya mikono mifupi kwa kuwa sare imefungiwa sandukuni isichakae. Losheni ya Kilisun, iliyobuniwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, kwa ajili ya ngozi hiyo hiyo, imebaki kwenye kabati la shule. Hakuna aliyemwambia baba kwamba saa sita mchana shambani ni hatari kwa mwanawe kuliko njia ya usiku.

Umaskini ni hoja ya kweli, nami sitaipita kwa mbio. Mara nyingi anayemlea mtoto huyu ni mama peke yake. Baba aliiona hali ya mtoto, akaanza safari za kikazi ambazo hazirudi. Shule iko mkoa mwingine. Mtoto hawezi kupandishwa basi peke yake, kwa hiyo likizo moja ni nauli sita: mama kwenda kumchukua, wawili kurudi, wawili kumpeleka, mama kurudi. Likizo mbili kubwa ni nauli 12 kwa mwaka, bila chai ya njiani. Anayemtuhumu mama huyo kwamba kamtelekeza mtoto bwenini azilipe kwanza.

Lakini tazama ilivyopangwa. Muhula ukiwa unaendelea, serikali inamtambua mtoto: ana kitanda, ana chakula, ana mwalimu, na ada ilishafutwa. Kengele ya kufunga shule ikilia anatoka kwenye kila bajeti. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambayo fungu la wenye ulemavu ni asilimia 2, ni mikopo ya biashara. Hainunui tiketi ya basi ya mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa haki ya kuishi na wazazi wake. Haki hiyo ina nauli, na hakuna aliyeandikiwa kuilipa. Kinachoiruhusu hali hii iendelee bila aibu ni imani ileile ya mitaani: amepata shule, nyumbani anakuja kutembea tu.

Siku ya kufunga, mzazi anakabidhiwa mtoto, sanduku, na ripoti inayosema amekuwa wa 14 kati ya 31. Ripoti hiyo kwa mtoto huyu ni nusu ya habari. Akabidhiwe na karatasi ya pili ya mambo anayoyaweza mwenyewe na namna ya kumsaidia: anafunga vifungo, anakwenda choo peke yake, anakaanga yai, anyooshwe goti hivi na hivi asubuhi na jioni, asivishwe viatu na mtu. Mzazi wa mtoto kiziwi afike siku moja kabla, alale shuleni, na mwalimu amkalishe mbele ya mwanawe ili mtoto ndiye amfundishe mama ishara hamsini za kuanzia, likiwemo jina lake. Nimesikia walimu wakisema wazazi hawatakuja. Wanaitwa kuja kuchangia rangi ya ukuta, na wanakuja.

Halafu kuna mtaa. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ilitaka kamati ziundwe mpaka ngazi ya kijiji na mtaa, na sensa ya 2022 ilikuta asilimia 11.2 ya watu wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani, kwa hiyo hakuna mtaa unaoweza kusema hapa kwetu hawapo. Mwenyekiti anawajua kwa majina wote wanaodaiwa hela ya taka. Aulizwe kwenye mkutano ujao, mbele za watu, ni watoto wangapi wanarudi mtaani kwake Desemba kutoka shule maalumu, wanakaa nyumba zipi, na mjumbe gani wa kamati aliwahi kupiga hodi kwao. Akishindwa kujibu, swali hilo liandikwe kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ligongwe muhuri wa kupokelewa, na nakala ibaki kwa aliyeuliza.