Maoni: Tuhesabu watu kabla boti haijasukumwa majini

Mtaa wetu wa Ndosho haufiki ziwani, lakini chakula chetu kinapita ziwani. Makala, mihogo, ndizi na maharagwe tunayonunua hapa kwenye njia ya Sake, mengi yanateremka Kituku, yakitoka Minova, Kalehe na Idjwi. Mama zetu wachuuzi wanaenda kuyatafuta huko, na wanarudi wamekaa juu ya magunia. Kwa hiyo boti ikizama, kilio kinafika Ndosho pia.

Alhamisi tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na Kituku, watu wa kando wakiiona. Wakati ule vita ilikuwa imefunga barabara ya Sake, na ziwa ndilo lilikuwa limebaki kuwa njia. Gavana wa Kivu ya Kusini alisema ndani mulikuwa watu 278, na 78 wamekufa. Hesabu nyingine zilizofuata hazikulingana na hiyo. Ndivyo inavyokuwa: boti ambayo watu wake hawakuandikwa vizuri, hata wafu wake hawahesabiki.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwezi wa 4 mwaka 2019, boti ilizama upande wa Kalehe na watu wapatao 150 wakapotea. Rais Tshisekedi alifika huko, akaamuru kila msafiri avae jile ya kuokoa maisha. Amri ile ilikuwa nzuri. Lakini jile haipunguzi mzigo. Boti iliyojazwa kupita kiasi inalala upande mmoja kwa wimbi dogo, na watu wanaangukiana wao kwa wao pamoja na magunia.

Maoni yangu ni haya: usalama wa boti unaamuliwa kwenye inchi kavu, si katikati ya maji. Mambo manne yanatosha. Kwanza, majina ya wote yaandikwe, watoto wa mgongoni pia, na karatasi moja ibaki kwenye kivuko. Pili, kila boti ipakwe mstari wa rangi ubavuni. Maji yakifika kwenye mstari, hakuna gunia wala mtu anayeongezwa. Tatu, jile zivaliwe kabla ya kusukuma boti, zisifungwe kwenye kamba kama mapambo. Nne, upepo ukiwa mkali, boti ingoje, hata kama soko linangoja.

Wenye boti watasema: tukipunguza watu, bei ya safari itapanda. Ni kweli, na mchuuzi mwenye mtaji mdogo ataumia. Basi wakuu wapunguze malipo yanayodaiwa kwenye kivuko kwa boti inayofuata mstari, ili safari mbili zisiwe hasara kuliko safari moja ya hatari.

Na tusiache kila kitu kwa wakuu. Mama wachuuzi wanajuana, na wanajua gunia linavyolemea. Wachague wawili watatu kwa kila kivuko, wapewe haki ya kusema «hapana, imetosha», na neno lao liheshimiwe.

Leo magunia yanahesabiwa vizuri, sababu kila gunia lina bei yake. Mama anayelikalia naye ahesabiwe.