Chandarua hakizuii visubi: wakimbizi wa ndani nao wahesabiwe kwenye Mectizan

Leo sitasema juu ya risasi. Nitasema juu ya mdudu mdogo kuliko punje ya mchele, kwa sababu naye anatuharibia maisha na wakubwa wetu wanamdharau.

Kila mara watu wa pembeni ya mito ya Ituri wakilalamika kwamba visubi vinawamaliza, jibu ni lile lile: "Mulishapewa vyandarua." Jibu hilo halisimami. Chandarua kinatukinga na mbu wa malaria anayeuma usiku, na kwa kazi hiyo tukilalie kila siku. Lakini visubi si mbu. Kuna vile vidogo sana vinavyozaliwa katika matope, mavi ya ng'ombe na migomba iliyooza. Vinauma hasa jua likizama na kunapopambazuka, na kwa udogo wao vinapenya matundu ya chandarua. Na kuna vile vyeusi vyenye kibyongo, vinavyozaliwa katika maji yanayokimbia juu ya mawe. Hivi vinauma mchana, wakati mama anachota maji, anafua, analowanisha muhogo. Nani analala ndani ya chandarua mchana, tena mtoni?

Ugomvi wangu mkubwa ni juu ya hicho cheusi cha mtoni. Ndicho kinachopitisha onkoserkoze, ugonjwa tunaouita upofu wa mto. Mnyoo mkubwa unaweza kuishi mwilini miaka 10 hadi 15, ukizaa vijidudu vinavyotembea chini ya ngozi mpaka machoni. Kwanza mtu anajikuna usiku kucha. Kisha ngozi inakuwa ngumu na yenye madoa. Mwisho ni giza.

Tena si macho tu. Katika eneo la afya la Logo, wilaya ya Mahagi, watafiti walikuta kifafa kwa wingi katika vijiji vya karibu na mito yenye kasi, mahali ambako Mectizan ilikuwa haijagawiwa. Hali kama hiyo wameikuta huko Bas-Uele. Namna mnyoo unavyoleta kifafa bado wanaichunguza, lakini kwamba viwili hivyo vinakwenda pamoja, wameona katika nchi mbalimbali. Wakati huo huo, kwetu mtoto akianguka tunatafuta mlozi. Bibi fulani anafukuzwa, mbuzi wanauzwa kwa mfumu, na kisubi kinaendelea kuuma watoto wengine.

Dawa ipo. Tangu 1987 kampuni ya Merck inatoa Mectizan bure kwa ugonjwa huu. Haiui mnyoo mkubwa, inaua watoto wake, ndiyo maana lazima inywewe walau mara moja kila mwaka, miaka mingi bila kukatisha. Na inawezekana kufika mwisho: Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Niger imeumaliza ugonjwa huu, nchi ya kwanza Afrika.

Sasa tusikilizane. Mectizan inagawiwa kijiji kwa kijiji. Mgawaji ana daftari lenye majina ya kila nyumba, na fimbo ya kupimia urefu ili ajue kila mtu apewe vidonge vingapi. Ni mpango mzuri kwa mtu anayelala kwake. Lakini tangu vita vilipowaka tena Djugu mwishoni mwa 2017, watu wengi hawalali kwao. Daftari lilibaki katika kijiji kilichochomwa, na mgawaji mwenyewe alikimbia. Familia ikifika mahali pengine, jina lake haliko katika daftari la pale. Mwaka unapita, wa pili unapita, na mnyoo haukukimbia vita. Uko ndani ya mwili wa mkimbizi.

Wanatuambia: "Wakimbizi wanahamahama, haiwezekani kuwahesabu." Mbona wanahesabika siku ya unga na maharagi? Mbona kila familia ina jetoni yake? Mtu anayehesabika kwa maharagi anahesabika kwa vidonge. Wengine wanasema: "Kwanza amani, visubi baadaye." Nani anapenda amani kuliko sisi? Lakini mtoto anayepata kifafa leo, amani ya mwakani haitamrudisha alivyokuwa.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, maeneo ya afya yafungue daftari la wakimbizi, kambini na katika familia zilizowapokea, kabla ya kila mgawo. Wagawaji wachaguliwe kati ya wakimbizi wenyewe. Pili, vituo vya afya viwe na dawa za kifafa kila siku, maana mgonjwa akizikosa anaanguka tena. Tatu, wanaochagua mahali pa kambi waangalie mto kwanza, na maji yaletwe karibu ili wamama wasishinde kwenye mawe.

Na sisi wenyewe tuna kazi. Kaskazini mwa Uganda, jirani zetu, wanakijiji walikata majani na matawi yanayolala katika maji ya kasi, kwa sababu visubi vichanga vinashikilia hapo, na visubi vilipungua sana. Hiyo ni kazi ya salongo, panga tu linatosha. Migomba iliyooza tuiondoe karibu na mahema. Mtoni tuvae nguo ndefu. Moshi wa moto wa nje unasaidia, lakini tusichome plastiki wala mpira ndani ya hema: unaua mapafu, na cheche moja inaweza kumaliza kambi.

Mectizan musiinunue sokoni. Wajawazito, watoto chini ya miaka 5 na wagonjwa sana hawapewi, na palipo na mnyoo wa loa loa lazima mwenye ujuzi aangalie kwanza. Mtoto akianguka kifafa, mumuondoe karibu na moto, mumulaze ubavu, musimutie kitu mdomoni. Mate yake hayaambukizi. Mumushike bila woga, kisha mumupeleke kituoni.

Wakubwa wetu, siku mukija kambini na vyandarua, asante. Lakini mukija, mulete na lile daftari.