CHUMVI SI KOSA LA FUNDI

Ndugu, mashua ikitoka Kau kwenda Kipini hunywa maji ya namna mbili kwa safari moja, na kiangazi chumvi hupanda mtoni. Injini za zamani huvuta maji hayo hayo ili zipoe: tope la Tana huziba njia, chumvi hula chuma mpaka kikatoboka. Dawa ni kuipitisha injini maji matamu kila jioni, nayo ya kisima, maana ya mto yana tope. Lakini saa hiyo hailipwi! Enzi za gari la moshi, sisi wa reli tuliosha boila, na kuosha kukahesabiwa kazi. Leo injini ikifa, fundi wa mashua akatwa mshahara. Twataka saa hiyo ilipwe, na makato yakome.